Siasa za "sisi na wao": maswali ambayo wapiga kura wa Kenya huniuliza kila msimu wa kampeni

Nimejitolea katika elimu ya uraia Kaunti ya Nakuru tangu kampeni za 2013. Vikao vyetu tumevifanyia chini ya miti, katika kumbi za makanisa, na mara nyingi kwenye vibanda vya chai. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo huulizwa zaidi, na nimeyajibu jinsi ninavyoyajibu ana kwa ana. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027, na wanasiasa hawakungoja filimbi kuanza kampeni.

Kampeni za kugawanya watu ni zipi hasa? Si kila maneno makali ni uchochezi?

La. Ukimsimamisha gavana mbele ya watu ukamuuliza pesa za soko zilikwenda wapi, hata ukimwita mwizi na una ushahidi, huo ni ukali tu, na siasa bila ukali ni usingizi. Mimi huangalia lawama imeelekezwa wapi. Je, inamwangukia mtu kwa jambo alilolifanya, au inaliangukia kundi zima kwa sababu ya jina la ukoo, lugha ya nyumbani, dini au mahali babu zao walikotoka?

Chukua neno "madoadoa". Mtu asiyejua historia ya Bonde la Ufa atadhani linahusu ng'ombe au kitambaa. Wenyeji wanajua lina maana gani: ninyi mnaoishi hapa na si wa hapa, ninyi doa, na doa huondolewa. Neno hilo lilisikika kabla ya ghasia za miaka ya 1990 na za 2007. Januari 2022 lilipotamkwa tena jukwaani Eldoret, seneta aliyelitamka alikamatwa. Miezi michache baadaye Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki.

Sawa, ni mabaya. Lakini yanamtoaje mpiga kura kwenye masuala ya sera?

Nitakueleza nilichokiona, kwa sababu nilikuwa na daftari mapajani.

Ilikuwa katikati ya 2022, siku ya soko. Mgombea aliyesimama juu ya gari alikuwa anatafuta kiti cha kaunti. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto nikaandika "sisi na wao", kulia nikaandika "kazi". Kila hoja aliyoitoa niliiwekea alama upande wake. Alizungumza kama dakika 40. Upande wa kushoto ulijaa, nikafungua ukurasa wa pili. Upande wa kulia ulikuwa na alama tatu: barabara itakuja, vijana hatutawasahau, hospitali tutaangalia. Hakusema barabara ipi wala kwa pesa zipi.

Hatua chache kutoka kwenye gari lile kulikuwa na zahanati. Mlango ulikuwa na kufuli, na juu ya kufuli palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: muuguzi yuko likizo, wagonjwa waende hospitali ya kaunti ndogo. Kufika huko ni lazima upande bodaboda. Mama aliyesimama kando yangu, mtoto mgongoni amefungwa kwa leso, alikuwa ametoka kwenye mlango ule asubuhi hiyo. Mgombea alipouliza, "Mko tayari kulinda mashamba yenu?" mama yule alipiga kelele kuliko wote.

Simlaumu hata kidogo. Alikuwa na miaka ya kutosha kukumbuka mauaji ya baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008. Mtu akishaambiwa shamba lake linanyemelewa, swali la dawa ya mtoto humtoka kichwani, kwa sababu mwili wenyewe huweka hatari kubwa mbele. Ndivyo mbinu hii inavyofanya kazi. Haikuhitaji kumshawishi kwamba zahanati ni nzuri. Ilimpa hofu kubwa kuliko zahanati, na zile dakika 40, ambazo pengine ndizo pekee atakazompata mheshimiwa uso kwa uso kwa miaka mitano, zikaisha.

Kwa nini wanasiasa wanaipenda mbinu hii?

Kwanza ni rahisi. Ahadi hupimika: ukisema utachimba visima kumi, baada ya miaka mitano watu watahesabu. Hofu haihesabiki. Ukisema "tukishindwa watatumaliza", halafu mkashinda, utadai umewaokoa. Mkishindwa na msimalizwe, hakuna atakayerudi kukuuliza.

Pili kuna hesabu ya kura. Katiba inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kwa uchache. Walioandika kifungu hicho walitaka mgombea aombe kura kila mahali. Wanasiasa walipata njia ya mkato: vigogo wa jamii kubwa wanaungana, kila mmoja anakuja na "watu wake", kisha kazi iliyobaki ni kuhakikisha watu hao wanajitokeza kwa wingi ngomeni. Na hakuna kinachomwamsha mtu alfajiri kwenda foleni kama kuambiwa jirani yake ameshaamka.

Nipe mfano wa sera iliyomezwa na siasa hizi.

Mfano unaoniuma ni wa majimbo, 2007. Lilikuwa suala zito la sera: madaraka na pesa zibaki Nairobi au zigawanywe? Chama cha ODM kilinadi majimbo. Swali lilistahili majibu. Mapato yatagawanywaje? Nani ataajiri wauguzi? Eneo lisilo na mvua wala bandari litaishije? Badala yake likageuzwa kuwa habari ya nani atafukuzwa wapi. Wapinzani wa majimbo waliwatisha watu kwamba kila mtu atarudishwa kwao. Baadhi ya wafuasi wa majimbo nao wakalisikia hivyo hivyo na wakafurahi.

Miaka mitatu tu baadaye, Agosti 2010, tulipata Katiba yenye kaunti 47. Ugatuzi ulikuja bila nchi kuwa imejadili kwa utulivu kazi ya gavana ni ipi. Halafu ikaja 2013, mwaka wa kuchagua magavana kwa mara ya kwanza. Ungetarajia tuzungumzie zahanati, maji na shule za chekechea. Kampeni ile ilitawaliwa na kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, zilizowakabili Uhuru Kenyatta na William Ruto. Upande mmoja ulizinadi kama vita vya wageni dhidi ya jamii mbili, upande mwingine ukauliza nchi itaongozwaje kutoka Hague. Kesi ya Kenyatta iliondolewa 2014, ya Ruto ikakatizwa 2016. Magavana walikuwa kazini muda wote huo, wakitumia mabilioni, na hadi leo nakutana na watu wanaomwendea mbunge kulalamikia zahanati.

Pwani nako kuna mfano wake. Tatizo la maskwota, watu waliolima ardhi vizazi vitatu bila hatimiliki, ni la kweli kabisa, na mwenye kulijibu ni serikali. Mwaka 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, hasira hiyo iligeuzwa kuelekea kwa jirani kutoka bara. Vijikaratasi vikasambazwa vikiwaambia wabara waondoke, na tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa. Watu zaidi ya 100 waliuawa katika ghasia hizo. Hatimiliki haikutoka hata moja kwa sababu ya damu ile.

Ghasia za 2007 zilitokana na kura kuibwa au na maneno ya kampeni?

Huwa nasema: kiberiti na petroli. Matokeo ya urais yaliyotangazwa 30 Desemba 2007 yalizua shaka kubwa, na ghasia zilianza siku ile ile. Lakini petroli ilikuwa imemwagwa miezi mingi. Kulikuwa na wimbo wa "41 dhidi ya 1", wa jamii zote nyingine za Kenya dhidi ya moja, na upande wa pili kulikuwa na dharau za tohara, kwamba mwanamume wa jamii fulani hajawa mtu mzima wa kutawala. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Tume ya Jaji Philip Waki iliyachunguza yote haya, na ilizinyooshea kidole pia baadhi ya redio za lugha za mama.

Sipendi kulipita jambo hili kwa takwimu. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa na watu waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Wiki chache baadaye Naivasha familia zilichomewa ndani ya nyumba kwa sababu ya jamii walikozaliwa. Hawa hawakuuawa kwa sababu ya sera yoyote. Hakuna aliyewauliza msimamo wao juu ya ushuru.

Siasa za "mahasla" na "nasaba" za 2022 hazikuwa afadhali?

Zilikuwa afadhali, na nawapa haki yao. Mahasla ni watu wa kujitafutia riziki, na nasaba ni familia zilizozoea kutawala. Kwa mara ya kwanza nilisikia watu wa kabila moja wakibishana vikali kuhusu mikopo, bei ya mbolea na bei ya unga, ambayo mwaka ule ilipita shilingi 200 kwa pakiti ya kilo mbili. Toroli likawa nembo ya mtu anayejitafutia.

Lakini hata mgawanyo huo uligeuka kuwa wa kuzaliwa. Swali likawa wewe ni mtoto wa nani, wala si utafanya nini. Na ahadi zikapita bila kuulizwa. Azimio, muungano wa Raila Odinga, waliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia milioni mbili zisizojiweza. Chukua kalamu: ni bilioni 12 kwa mwezi, bilioni 144 kwa mwaka. Zitatoka wapi? Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, waliahidi bilioni 50 kila mwaka kwa wafanyabiashara wadogo. Zitatoka wapi? Mikutano niliyohudhuria, ya pande zote mbili, sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza. Jibu lilikuja lenyewe 2023, kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya mafuta ilipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 na mishahara ikaanza kukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya ujenzi wa nyumba. Waliompigia kura rais na waliompinga walilipa bei moja kwenye kituo cha mafuta.

Mitandao imeongeza au imepunguza tatizo?

Imeliongeza, na imelificha. Jukwaani mchochezi ana uso. Mwaka 2017 zilisambaa video za kutisha zilizoonyesha Kenya ikiteketea iwapo Raila Odinga angeshinda, na aliyezitazama hakuambiwa nani amelipa. Machi 2018 runinga ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica waliorekodiwa kwa siri. Mmoja wao alijigamba kwamba walishughulikia kampeni za Kenya za 2013 na 2017, na akaeleza kwamba kupigania uchaguzi kwa hoja za ukweli hakuna faida, kwani kila kitu ni hisia. Wapiga kura wa hapa walikuwa wamefanyiwa utafiti ili kujulikana wanaogopa nini. Hilo linanikera hadi leo.

Ujumbe wa WhatsApp usio na jina la mwandishi, unaokuhimiza uusambaze haraka kwa "watu wetu" pekee, ufute. Ukiusambaza, sheria inaweza kukugusa wewe pia.

Je, ni kosa kumpigia kura mtu wa kabila langu?

Si kosa, na tafadhali asiwepo mtu wa kukuita mjinga kwa hilo. Woga wa watu wetu una sababu. Kwa miongo mingi barabara na maji vilifuata jina la rais. Waraka wa serikali nambari 10 wa 1965 ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo ziende maeneo yenye uwezo mkubwa wa kuzalisha, na watu wa kaskazini wameishi na matokeo yake. Kwa hiyo mzee wa Wajir au Turkana akikuambia bila mtu wetu mezani hatuli, anasimulia maisha yake.

Ila sheria imebadilika, na wanasiasa hawana haraka ya kukuambia. Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na mgao wa kila kaunti hufuata mfumo unaopendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kupitishwa na Seneti. Kaunti yako hupata mgao wake hata rais akitoka upande wa pili wa nchi. Mgao huo ukipotea, umepotelea hapa nyumbani, mikononi mwa mtu wetu. Kwa gavana na mwakilishi wadi, mara nyingi wagombea wote ni wa kabila lako, na bado mnakesha mkizungumzia kabila la watu wa Nairobi.

Sheria inasemaje kuhusu matamshi ya chuki?

Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kusema, lakini kinatoa nje matamshi ya chuki na uchochezi wa kikabila. Kifungu cha 91 kinakataza chama kuundwa kwa msingi wa kabila, dini au eneo. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 13, inatoa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kuwapata na hatia ndiyo shida. Ukisikia matamshi hayo, rekodi sauti au video, andika mahali, tarehe na maneno kamili katika lugha iliyotumika, kisha peleka NCIC au polisi. Kesi nyingi huanguka kwa sababu tafsiri ya fumbo haikuthibitishwa.

Midahalo ya runinga ingesaidia?

Ingesaidia kama wangehudhuria. Mwaka 2013 wagombea wote wanane walijitokeza kwenye mdahalo wa Februari. Mwaka 2017 Raila Odinga alisimama peke yake, Uhuru Kenyatta hakwenda. Mwaka 2022 William Ruto alisimama peke yake, Raila Odinga hakwenda. Kila upande umewahi kukimbia, na kila upande ulipokimbia wafuasi wake walishangilia. Tungewaadhibu kwa hilo, wangekuja.

Vijana wa Juni 2024 walithibitisha kwamba ukabila umekwisha?

Haujaisha. Walithibitisha jambo jingine: kwamba Wakenya wanaweza kusoma mswada. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa magari wa asilimia 2.5, na vijana wakaupasua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama, zile lugha zilizozoea kutumiwa kuchochea. Walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Tarehe 25 Juni waliingia bungeni, na siku iliyofuata rais akakataa kuutia saini. Makumi waliuawa katika maandamano yale. Wazazi wao wametoka kila upande wa nchi.

Kila mtu anayeniambia mpiga kura wa kawaida hawezi kuelewa sera, namkumbusha wiki zile mbili.

Nimuulize nini mgombea akija wadini?

Muulize kazi ya kiti chake. Zahanati, maji, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, ukulima na barabara za kaunti ni vya gavana na bunge la kaunti. Usalama, shule za msingi na sekondari, na hospitali kuu za rufaa za kitaifa ni vya serikali ya kitaifa. Mbunge hutunga sheria, na kwa miaka mingi amekuwa pia na mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, NG-CDF, wa kujenga madarasa na kutoa basari. Mgombea udiwani anayekuahidi chuo kikuu hajui kazi anayoiomba.

Kisha mpeleke mahali pamoja. Usiulize "utatufanyia nini kuhusu afya?" kwa sababu atakupa hotuba. Uliza: zahanati hii ina muuguzi mmoja, akienda likizo inafungwa, utaajiri wa pili kwa bajeti ya mwaka upi? Kama anatetea kiti, njoo na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti au ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Zote ni za umma, na mwalimu au kijana mwenye simu anaweza kuwasomea ukurasa wa kaunti yenu.

Akitupa tisheti na mia mbili?

Kuhonga mpiga kura ni kosa kisheria, na anayepokea ili apige kura hivyo ana kosa pia. Zaidi ya hapo kura yako ni ya siri.

Mgombea wangu mwenyewe ndiye anayetukana jamii nyingine, na umati unashangilia. Naogopa kusimama peke yangu.

Una haki ya kuogopa, na usijitie hatarini mbele ya umati uliochemka. Usishangilie tu. Msemaji huyasikiliza makofi kuliko unavyodhani.

Pale sokoni niliporejea wiki mbili baadaye, alikuja mgombea mwingine, naye akaanza na mashamba. Mzee mmoja aliyekaa kwenye jiwe karibu na zahanati aliinua bakora. Hakubishana na habari za mashamba. Alisema, "Mheshimiwa, mlango huu hapa umefungwa tangu mwezi uliopita. Funguo ziko kwa nani?" Kukawa kimya. Mgombea akajaribu kurudi kwenye hotuba yake, na kabla hajamaliza sentensi mama wa pili akauliza lile lile, halafu kijana wa bodaboda aliyekuwa akiwabeba wagonjwa kila siku. Jibu halikupatikana siku ile. Lakini msaidizi wake alishuka kwenye gari, akaenda hadi mlangoni, akaipiga picha ile karatasi, na akamuuliza mzee jina la muuguzi.